Mama Kevo si marywanjiru2

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tena kwa mtu anayejiita mwalimu wa kutengeneza tovuti, nitasimama nitoke: "Wewe tumia tu User anayekuja na Django. Ukitaka kitu kingine utabadilisha baadaye."

Ni uongo. Hutabadilisha baadaye. Na ukija kubadilisha, kuna mtu atakuwa ameshalipia, na mara nyingi si wewe.

Nasema hivi kwa sababu niliiamini sentensi hiyo, na aliyelipia ni mama mmoja anayeuza mayai sokoni kwetu. Nitamwita Mama Kevo. Majina nimeyabadilisha, lakini yaliyompata ni yake.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajawahi kukaa na mambo haya, maana najua wengi wenu hapa mnakuja kwa hadithi na mashairi. Django ni kiunzi cha kutengenezea tovuti. Ni kama nyumba ambayo fundi mwingine ameshaweka msingi, nguzo na paa. Wewe unamalizia kuta na rangi. Instagram ilijengwa juu yake. Ni ya bure, ni imara, na mimi naipenda, ndiyo maana nina haki ya kuigombeza. Sasa, ndani ya kiunzi hicho mna mtu ambaye ameshaumbwa kabla hujaandika hata mstari mmoja. Anaitwa User. Ana jina la kuingilia, na lazima liwe lake peke yake. Ana jina la kwanza. Ana jina la mwisho. Ana barua pepe na nenosiri. Ana alama ya kuonyesha kama ni mfanyakazi, kama ni msimamizi mkuu, kama akaunti yake ingali hai. Ana tarehe aliyojiunga na tarehe aliyoingia mara ya mwisho. Ukiondoa vikundi na ruhusa anazoweza kupewa, basi. Huyo ndiye binadamu kwa mujibu wa Django.

Hana simu. Hana jina la katikati. Hana jina analoitwa na watu.

Si kwamba waliomuumba walikuwa na nia mbaya. Django ilizaliwa mwaka 2003 kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti, kazi ambayo haina subira, na mwaka 2005 kiunzi chao kikatolewa kwa umma. Ukishajua hilo, User anaanza kueleweka. Ile alama ya mfanyakazi, is_staff, ndiyo inayoamua nani anaruhusiwa kuingia kwenye ukurasa wa msimamizi, kama vile askari wa getini anavyoangalia beji ya kazi. Mimi nikimtazama User namwona mtu wa ofisini. Ana meza, ana jina la kwanza na la ukoo, na barua pepe alipewa siku alipoajiriwa.

Na wenyewe waliiona kasoro. Tangu toleo la 1.5, lililotoka mwaka 2013, Django inakuruhusu kumweka mtumiaji wako mahali pa User wao. Kwa miaka mingi mwongozo wao rasmi umewashauri watu wafanye hivyo mwanzoni mwa mradi mpya, hata kama User wao anakutosha kwa sasa. Kwa hiyo ugomvi wangu si na watu wa Kansas. Ugomvi wangu ni na sisi wa hapa, Nairobi, Kiambu, Mombasa, Eldoret, tunaouona ushauri huo tukauruka kwa sababu mteja anapiga simu na video tunayoiigiza haikuutaja.

Chama cha shangazi yangu kina wanachama 41, wote wanawake wa sokoni. Kila wiki kila mmoja hutoa shilingi 500. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo, naandikia watu makala kwa malipo ya kubahatisha, leo yapo, kesho mteja hashiki simu. Shangazi ndiye mweka hazina. Akaniambia, "Si wewe ulisomea kompyuta? Tutengenezee kitu bana, hiki kitabu kimeanza kuraruka."

Nilifanya kazi kwa wiki mbili. Nikamchukua User vile alivyo. Nikaweka jedwali la michango na jedwali la mikopo, yote mawili yakimwelekea User, yaani kila mchango una mshale unaosema, huu ni wa fulani. Barua pepe je? Kati ya wanawake 41, wenye barua pepe wanayoikumbuka walikuwa 4. Nikaiacha wazi, Django haijali. Lakini jina la kuingilia haliachwi wazi. Nikachukua jina la kwanza na la mwisho nikayabandika pamoja. Ikawa marywanjiru. Akaja Mary Wanjiru wa pili. Nikaandika marywanjiru1. Akaja wa tatu. Nikaandika marywanjiru2, nikaendelea na kazi.

Najua mtu wa Kiambu ameshaanza kucheka. Kwa Wakikuyu msichana hupewa jina la nyanya yake, na Wanjiru ni mmoja wa mabinti wa Mumbi. Jina limezunguka vizazi na vizazi. Ongeza Mary wa ubatizo, halafu uniambie wako wangapi. Lakini sokoni hakuna aliyewahi kuwachanganya hao watatu. Mmoja ni Mama Kevo. Mmoja ni Mama Njeri. Mmoja ni Wanjiru wa Mitumba. Hata kwenye simu ya shangazi wameandikwa hivyo. Soko lilikuwa limemaliza tatizo hili kabla mimi sijazaliwa. Nikaja na laptopu yangu nikalirudisha.

Hebu tazameni lilivyorudi. Django ikitaka kumwonyesha User kwenye orodha, humwandika kwa jina lake la kuingilia. Shangazi anapata ujumbe wa M-Pesa, anajua kabisa huyu ni Mama Kevo, maana namba ameihifadhi. Anafungua ukurasa wa kurekodi mchango, anakuta orodha: marywanjiru, marywanjiru1, marywanjiru2. Mama Kevo ni yupi? Aliniuliza mara moja kwa simu, nikiwa kwenye matatu, kelele kibao. Nikamjibu kwa kubahatisha. Akasema, sawa kijana wangu, akaendelea na hilo nililomwambia.

Kwa wiki 11 mchango wa Mama Kevo ukaingia kwa Mama Njeri. Shilingi 5,500. Mama Njeri hakulalamika kwa sababu hakujua. Hakuwahi kuingia kwenye akaunti yake. Angeingiaje, na jina la kuingilia nilimtungia mimi?

Kisha Kevo akapata nafasi ya shule ya upili, na mama yake akaomba mkopo wa karo. Sheria ya chama ni kwamba ukiwa nyuma zaidi ya wiki nne hukopi. Mfumo wangu ukasema yuko nyuma wiki 11. Shangazi akasoma mbele ya mkutano, sauti imemshuka, kwa sababu yeye mwenyewe alikumbuka kuona pesa za Mama Kevo. Lakini alikuwa amesharekodi nyingi, za watu wengi, na skrini ilikuwa inasema hivyo. Mama mmoja akatamka maneno ambayo bado nayasikia: "Mashine haina sababu ya kudanganya."

Mama Kevo hakupiga kelele. Alitoa simu yake akaanza kusoma ujumbe mmoja mmoja wa M-Pesa, pamoja na tarehe. Wengine wakamwamini, wengine wakanyamaza kile kinyamazo cha watu wanaokuhesabu. Uamuzi ukasogezwa hadi mkutano unaofuata. Kevo akaripoti shuleni akiwa amechelewa wiki mbili.

Siku iliyofuata mkutano huo nilimkuta kwenye kibanda chake. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, kwani mimi uliniandika kama nani?"

Nikaenda nyumbani kubadilisha, kwa sababu si niliambiwa nitabadilisha baadaye? Baadaye ilikuwa imefika. Nikamwandika mtumiaji mpya, nikaweka AUTH_USER_MODEL kwenye mipangilio, nikaendesha migresheni. Django ikagoma, ikanitupia kosa linaloitwa InconsistentMigrationHistory. Migresheni ni kumbukumbu ya kila badiliko lililowahi kufanywa kwenye hifadhidata, kwa mpangilio wake. Na kumbukumbu ilikuwa inasema kweli: ukurasa wa msimamizi ulikuwa umeshajengwa ukimtegemea mtu ambaye, kwa mpango wangu mpya, alikuwa hajazaliwa. Michango ilikuwa inamwelekea User wa zamani. Mikopo vilevile. Daftari la matendo ya msimamizi, vikundi, ruhusa, yote. Kumtoa User katikati ya mradi ni kama kung'oa nguzo ya kati huku watu wakiwa wamelala ndani. Mwongozo unakuonya kwamba hakuna njia ya kuifanya kazi hiyo yenyewe. Utaukarabati mpangilio wa majedwali kwa mkono na kuhamisha watu wako mwenyewe.

Ilinichukua usiku tatu. Nilitoa nakala ya hifadhidata, nikamwandika mtumiaji mpya anayekalia jedwali lilelile la zamani, nikaihadaa kumbukumbu ya migresheni iamini kwamba alikuwepo tangu mwanzo, kisha nikaongeza safu nilizozihitaji moja baada ya nyingine. Usiku wa pili niliharibu nakala nikaanza upya.

Sasa linganisha na ambavyo ingekuwa siku ya kwanza. Unafungua sehemu ya mradi unayoiita, tuseme, watu. Ndani yake unaandika Mwanachama anayerithi kutoka AbstractUser. Kwenye mipangilio unaongeza mstari mmoja: AUTH_USER_MODEL = "watu.Mwanachama". Unayafanya haya kabla ya migresheni ya kwanza. Si lazima hata uongeze kitu. Mwanachama wako anaweza kuwa mtupu, anafanana na User kwa kila hali, lakini ni wako, na siku ukihitaji kumwongezea jina la sokoni unaongeza kama unavyoongeza safu nyingine yoyote. Ni dakika tano. Ndizo dakika nilizomnyima Mama Kevo.

Najua majibu yenu, kwa sababu nilikuwa nayatoa mimi.

Wa kwanza atasema, usijenge usichokihitaji. Ni kanuni nzuri na naifuata. Lakini darasa tupu halijengi kitu, linaacha mlango. Na kuhusu kuhitaji, tuwe wakweli: ni mradi gani wa Kenya umewahi kuuona ambao haukuja kuhitaji namba ya simu?

Wa pili atasema, watu wafungue barua pepe, dunia imeenda mbele. Huyo namkumbusha kwamba M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 haikumwuliza nyanya yangu barua pepe. Ilimwuliza kitambulisho na laini, vitu alivyokuwa navyo mkononi, ndiyo maana nyanya yangu anatuma pesa leo. Kitu kilichotengenezwa kwa kumtazama mtu aliyepo hakimwambii mtu huyo arudi akishabadilika.

Wa tatu ndiye hatari zaidi, maana anadhani tunakubaliana. Atasema, basi weka namba ya simu iwe ndiyo jina la kuingilia, umemaliza. Hujamaliza. Andika 0722, andika 254722, andika +254722, kisha umalizie namba ileile. Kwa binadamu ni simu moja. Kwa hifadhidata ni watu watatu, na ile sheria ya kutorudia namba itawapitisha wote. Lazima uigeuze iwe sura moja kabla ya kuihifadhi. Hata hapo, simu ni mahali pa kumpata mtu, si mtu mwenyewe. Kuna mama anayetumia simu ya binti yake. Kuna laini iliyopotea. Kuna namba iliyokaa bila kutumika ikauzwa kwa mtu mwingine kabisa, ambaye sasa atapokea ujumbe wa mkopo wa mtu asiyemjua. Kwa hiyo namba inaweza kutumika kuingilia, lakini ikae kwenye jedwali lake, iweze kubadilika bila mwenyewe kubadilika.

Na jina? Jina lote kwenye sehemu moja, vile mwenyewe analitamka, liwe na maneno mawili, matatu au manne. Kuna Otieno na Atieno, majina yanayotokana na usiku wa kuzaliwa na si ya ukoo wowote. Kuna binti Juma wa Lamu, na huyo Juma ni baba yake. Ukimlazimisha kila mmoja awe na la kwanza na la mwisho, hujapanga majina, umeyakata. Mwaka 2010 Patrick McKenzie, mwandika programu aliyekuwa akiishi Japani, aliandika orodha ndefu ya mambo ambayo waandika programu huyaamini kuhusu majina ya watu na ambayo si kweli. Basi sisi, tulio na makabila zaidi ya 40, tulipaswa kuwa wa kwanza kuiandika orodha hiyo. Badala yake tunanakili first_name na last_name kama aya ya kitabu kitakatifu.

Mtaniuliza kwa nini hasira yote hii kwa ajili ya jedwali. Acha niwaambie jambo ambalo sikumwambia Mama Kevo.

Mimi nina majina matatu. Cheti changu cha sekondari kina yote matatu. Mfumo wa chuo nilichosomea ulikuwa na nafasi mbili, ukalimeza la katikati. Basari yangu ilipotoka, iliandikwa kwa mpangilio mwingine. Ofisi ikaniambia majina hayalingani, kwa hiyo pesa haziwezi kuingia kwenye akaunti yangu. Nikaambiwa nirudi kesho. Nikarudi. Nikaambiwa nilete barua ya chifu. Nikaleta. Nikaambiwa barua ni sawa lakini mfumo haukubali. Usajili wa mitihani ukafungwa nikiwa kwenye foleni. Sitadanganya kwamba niliacha masomo kwa sababu hiyo peke yake. Karo ilikuwa shida ya zamani, na darasani nilikuwa nasinzia. Lakini nakumbuka siku nilipojaribu kuingia kwenye akaunti ya mwanafunzi nikaambiwa haitumiki tena. Kwenye Django kuna alama ya is_active. Wanakushauri uizime badala ya kumfuta mtu, ili rekodi zinazomwelekea zisivunjike. Ni ushauri mzuri. Sisemi chuo changu kilitumia Django. Nasema najua mtu aliyezimwa anavyojisikia. Jina lako lipo mle ndani, na wewe uko nje.

Nilifanyiwa hivyo. Na siku nilipopewa mimi kazi ya kumwandika mtu, nikampa nafasi mbili za jina, nikamtungia la kuingilia, nikakimbilia matatu.

Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba hili ni jambo la kiufundi tu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki ya kutaka taarifa za uongo kumhusu zisahihishwe. Mama Kevo hakuwa ameisoma, lakini aliposimama kwenye mkutano akisoma ujumbe wake wa M-Pesa, ndicho alichokuwa anadai. Swali ni kama sisi tunaoandika misimbo tunawatengenezea watu mahali pa kusahihishwa, ama tunawamwagia zege siku ya kwanza.

Ninyi mnaofundisha, somo la User wenu liwe kabla ya somo la ukurasa wa kwanza, na msiseme "baadaye". Ninyi mnaojenga, kabla ya migresheni ya kwanza nendeni mkakae na watu wenyewe nusu saa, mkaulize: huyu mnamwitaje? Mkiwa na wawili wa jina moja mnawatenganishaje? Simu hii ni yake au ya mtoto? Majibu hayo ndiyo mtumiaji wenu. Kazi iliyobaki ni kuchapa tu.

Siku hizi shangazi akifungua orodha anaona Mama Kevo, Mama Njeri, Wanjiru wa Mitumba, na tarakimu nne za mwisho za simu pembeni. Zile 5,500 zilirudi kwa mwenyewe, na mkutano ulimwomba Mama Kevo msamaha. Mkopo aliupata. Wiki iliyopita nilipita kibandani kwake kumwambia kwamba mfumo sasa uko sawa, asiwe na wasiwasi. Akaniambia ni vizuri, Mungu akubariki. Kisha akavuta daftari kutoka chini ya trei za mayai, akaandika tarehe na shilingi 500.